Mguu wa Uji

S.L.P. 31
Pruitt, Iowa
1 Oktoba

Bwana Verlyn Ostrander,

Hunijui, nami sikuandikii ili tujuane. Mimi ni bibi yake Tate Lindqvist, yule mpiga teke wa timu ya shule ya mpira wa Kimarekani, aliyekosa kuupitisha mpira kati ya milingoti Ijumaa tukafungwa na shule ya Colburn kwa pointi mbili. Kabla mtoto hajavua hata viatu, wewe ulikwishaingia kwenye ukurasa wako mtandaoni ukaandika kwamba Pruitt tumempa jezi kijana mwenye mguu wa uji. Halafu ukasonga mbele na maoni yako kuhusu bei ya mahindi, na kuhusu vita vya nchi ambayo nina hakika huwezi kuionyesha kwenye ramani, ukaenda zako kulala.

Wewe ulilala. Jumatatu Tate alifungua kabati lake shuleni akakuta bakuli la uji wa shayiri, bado unafuka moshi, na kijiko ndani. Mchana akamrudishia kocha jezi. Jioni alikuja kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda akiangalia viatu vyake. Nilipomuuliza akasema, "Bibi, achana nayo." Mtoto huyu nimemlea tangu mama yake alipofariki. Sasa anakaa kwa mjomba wake, lakini jambo likimchoma huja kwangu, na safari hii limemchoma.

Tarehe ishirini na tano ni Usiku wa Wahitimu. Unaujua. Kila mchezaji wa mwaka wa mwisho huingia uwanjani ameshikana mkono na wazazi wake, jina lake likatajwa, akampa mama yake ua. Tate hana mama wa kumpa ua. Anaye bibi, na bibi ana gauni la bluu ambalo limening'inia tangu Juni likingoja siku hiyo. Bila jezi, Tate haingii uwanjani, na mimi siingii.

Sikuombi uombe radhi. Radhi ni rahisi, hata mbwa huomba. Nataka ulifute jina hilo palepale ulipoliandika. Msichana anayenisomea ukurasa wako kila asubuhi anasema una wasomaji elfu tatu, katika mji wa watu elfu nne. Ukiweza kuwapa watu wote hao jina la kumwitia mtoto, unaweza pia kuwanyang'anya.

Ardith Lindqvist


Barabara ya Nafaka
Pruitt
4 Oktoba

Bibi Lindqvist,

Sijaandika barua kwa mkono tangu marehemu mke wangu alipokuwa hospitalini, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Kwa mengine usinisamehe, maana sijakosa.

Hii ni nchi huru. Mimi si mwandishi wa habari wala mjumbe wa bodi. Nilikuwa nauza mbegu, nikastaafu, sasa nakaa barazani na kahawa yangu nasema ninachokiona: mpira, ulinzi, mambo ya dunia. Kwa miaka yote hiyo sijafuta hata nukta. Niliwahi kusema mvua ya mawe haitakuja. Ikaja ikapasua kioo cha gari langu mwenyewe, na maneno yale bado yapo, acheke anayetaka kucheka. Leo nikifuta kwa ajili ya bibi wa huyu, kesho atabisha hodi shangazi wa yule.

Na teke lile, mama, lilikuwa la uji. Hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha nywele. Mimi nilikuwapo, safu ya tatu, ninapokaa kila Ijumaa kwa miaka arobaini. Wewe ulikuwa wapi? Bibi mwenye uchungu na mjukuu hukaa jukwaani, hakai nyumbani kusomewa mtandao.

Kama ni umati unaokutisha, usiogope tena. Ule utaratibu wa kuingia na mkoba wa plastiki unaoonyesha kila kilichomo ulianzia kwenye ukurasa wangu. Niliandika Julai kwamba kina mama wanaingia uwanjani na mikoba kama magunia na hatujui wamebeba nini. Agosti bodi ya shule ikapitisha. Sasa mambo yote hadharani, na watu wako salama.

Mwambie kijana arudi akapige mpira. Mimi nilicheza katika timu hiyohiyo, na tuliitwa majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mama mtu mzima.

Verlyn Ostrander


S.L.P. 31
8 Oktoba

Bwana Ostrander,

Umeuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa langoni.

Nilifika mapema, kabla bendi haijaingia. Nilikuwa na mkoba wangu wa kitambaa alionishonea dada yangu, nao una dawa zangu, mto wa kukalia, chupa ya chai, na nguo fulani za ndani ambazo mwanamke wa miaka themanini na nne anazihitaji asipotaka kuaibika mbele za watu. Kijana wa ulinzi alikuwa na adabu. "Bibi, samahani, mkoba haupiti. Hamishia vitu humu." Akanipa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani kama kioo.

Nikamwambia, "Mwanangu, unataka mji mzima usome nguo zangu za ndani?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Ni sheria, bibi."

"Basi sheria ibaki na uwanja wake," nikasema, nikageuka. Wala sikujua sheria hiyo ilizaliwa kwenye baraza lako. Nimejua juzi, kwa mwandiko wako mwenyewe, na umeniandikia ukijisifu.

Mchezo wote niliusikilizia kwenye maegesho, ndani ya gari lililonileta, kioo kikiwa wazi. Tate alipokosa sikuhitaji redio. Nilisikia jukwaa zima likishusha pumzi. Kabla ya kupiga alikuwa ametazama safu ya juu kabisa, tulipokubaliana nitakaa, asinione. Hilo aliniambia mwenyewe. Kwa hiyo teke unaloliita la uji, upepo kweli haukuwapo. Bibi yake ndiye hakuwapo.

Unasema ulicheza mpira. Vizuri sana. Jumamosi saa nne asubuhi uwanja huwa wazi. Njoo usimame palepale aliposimama Tate, uupige uvuke milingoti. Ukivuka, mimi nitanyamaza. Usipovuka, utafuta. Au je, wewe ni wa kucheza kwa vidole tu?

Ardith Lindqvist


Barabara ya Nafaka
10 Oktoba

Bibi Lindqvist,

Nitapiga, na sitafanya mazoezi.

Nimelitangaza kwenye ukurasa wangu ili pasiwe na mtu wa kusema nilijificha. Mahali, siku na saa vyote vipo. Kuhusu mkoba, pole kwa usumbufu, lakini sheria ni sheria. Tukimpisha bibi mmoja tutampisha na mhalifu aliyevaa kama bibi. Msimamo wangu ni uleule.

Njoo ukae safu ya mbele. Jumamosi hakuna mlinzi, njoo hata na gunia.

Verlyn Ostrander


Barabara ya Nafaka
14 Oktoba

Bibi Lindqvist,

Najua umekwisha kuona picha, maana mji mzima umeziona na watu wa Colburn wameziwekea muziki. Lakini nakuandikia kwa sababu picha hazisemi kila kitu.

Walikuja watu kama mia mbili. Mwenye duka la nyama alileta mkate wa mdalasini na sufuria la maharage ya nyama akawa anauza, kama vile ni harusi yangu. Nilikutafuta safu ya mbele, sikukuona. Nikajua umeingia mitini. Lakini Tate alikuwapo, amesimama pembeni, mikono mfukoni. Nikauliza nani atanishikia mpira, watu wote wakatazama nyasi. Akaja yeye. Akapiga goti, akausimamisha mpira kwa kidole kimoja, akaniambia, "Mzee, usiangalie milingoti. Angalia mpira mpaka uondoke."

Mimi, bila shaka, niliangalia milingoti.

Nilianguka chali. Msuli wa paja ukalia, nikausikia mwenyewe. Mpira ulienda kando ukatua katikati ya mikate ya mwenye duka la nyama. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tate hakucheka kwanza. Alininyanyua, akanifuta nyasi mgongoni, akauliza kama nimeumia. Nilipomwambia, "Kijana, ule mguu wako ni uji, wangu ni maji ya kuoshea sufuria," hapo ndipo alipocheka.

Dau ni dau. Lakini wewe pia ulikuwa na dau lako: uliniita, hukutokea. Natembelea fimbo kwa ajili yako. Mtu anayemwita mwenzake uwanjani halafu akabaki nyumbani hana haki ya kudai. Sifuti mpaka unieleze ulikuwa wapi safari hii.

Verlyn Ostrander


Nyumba ya Wazee ya Kaunti
Chumba cha 14
Pruitt
17 Oktoba

Bwana Ostrander,

Sasa unaona anwani yangu ilivyo. Sikuiandika mwanzoni kwa sababu sikutaka uniandikie kama mtu anavyomwandikia mgonjwa. Nilitaka ugomvi wa sawa kwa sawa, na nimeupata.

Nitakueleza nilikuwa wapi. Nilikuwa kibarazani, nimevaa koti, kofia na viatu vya kutokea, nangoja basi la kaunti. Basi halikuja. Marisela, yule msichana anayetuhudumia na kunisomea, ndiye aliyenifuata kunieleza. Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo wajumbe wa kaunti walikutana wakafuta safari zote za jioni na za Jumamosi. Mjumbe mmoja alisimama akasoma kwa sauti maoni ya mwananchi: "Basi la wazee linazurura tupu Jumamosi, linachoma mafuta yetu. Wanaenda wapi, dansini?" Unayakumbuka maneno hayo? Marisela aliyatafuta. Uliyaandika Mei, kati ya habari za besiboli na picha ya nyanya zako.

Tulikuwa tunaenda kanisani, bwana. Na kutengenezwa nywele. Na Ijumaa tulikuwa tunaenda kumtazama Tate.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa vyote viwili, na paja juu. Tena walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hujafika themanini; siku ukifika, basi hilo la kaunti utalihitaji na wewe.

Sasa nisikilize, maana kuna jambo zuri. Tate alikuja Jumamosi jioni akinionyesha jinsi ulivyoanguka. Alijilaza sakafuni humu chumbani, miguu juu, na mimi nikacheka mpaka muuguzi akaja. Jumatatu alikwenda kwa kocha akaomba jezi yake. Kocha amempa. Nikamuuliza, "Na wakikuita lile jina?" Akasema, "Bibi, mzee mzima ameanguka mbele ya mji na kesho yake akaenda kanisani. Mimi nitashindwa?"

Kwa hiyo tarehe ishirini na tano nitaingia na mjukuu wangu. Basi halipo, tutakwenda kwa miguu. Uwanja uko maili moja na ushei, na kigari changu cha kutembelea kina magurudumu mazuri. Watatu wenzangu wamesema wanakuja nami. Mkurugenzi wa hapa ametukataza. Tumemsikia.

Ardith Lindqvist


Barabara ya Nafaka
19 Oktoba

Bibi Ardith,

Barua yako nimeisoma, nikatoka nikaenda kukata nyasi ambazo hazikuhitaji kukatwa.

Sikujua. Niliandika lile la basi nikiwa nangoja kahawa ichemke. Sikumbuki hata kama nililiamini.

Lakini usitembee kwenye barabara ile. Haina njia ya miguu, malori ya mahindi yanapita kwa kasi, na jua linazama mapema. Hilo ni suala la usalama, na kwenye usalama mimi sitanii. Nina gari la mizigo lenye viti viwili safi. Nitakuja kukuchukua saa kumi na moja jioni. Wenzako nitarudi kuwachukua.

Verlyn


Chumba cha 14
22 Oktoba

Bwana Ostrander,

Hapana.

Nimeishi muda mrefu na nimepanda magari ya watu wengi, lakini sijapanda la mtu ambaye jina alilompa mjukuu wangu bado limekaa kwenye ukurasa wake. Marisela ameangalia leo asubuhi. Lipo. Umeandika mambo mengine manne juu yake, moja la kuhusu siagi.

Sitaki huruma ya viti viwili. Tutatembea, na malori yatapunguza mwendo, maana barabara ile ni ya kaunti na sisi pia ni wa kaunti.

Ardith Lindqvist


Barabara ya Nafaka
26 Oktoba

Bibi Ardith,

Nakuandikia kabla sijafungua mtandao. Utaona kwa nini.

Honi ulizozisikia nyuma yenu jana jioni hazikuwa zangu. Zilikuwa za watu walio nyuma yangu. Mimi niliwakuta mmekwisha kuingia barabarani, Marisela mbele na fulana yake ya njano, wewe na kigari chako katikati, gauni la bluu chini ya koti. Sikukuomba upande, ulikwisha kunijibu. Niliwasha taa zote za tahadhari nikaliweka gari katikati ya barabara, nikawafuata kwa mwendo wenu. Lori moja la mahindi lilinipigia honi mpaka dereva akachoka. Akashuka, akaja dirishani akaniuliza, "Mzee, una wazimu?" Nikamwambia, "Nalinda." Hakuuliza tena.

Yaliyotokea langoni unayajua mpaka pale nilipokupokea mkoba. Kijana alikwambia haupiti, wewe ukaanza kumpa maneno yako, na huko ndani walikwisha kuanza kutaja majina. Nilipokwambia, "Nipe mimi, nenda," ulinitazama kama unayempa mwizi funguo. Lakini ulinipa, ukaenda.

Yaliyofuata huyajui. Nilimgeukia yule kijana, nikamwambia nipishe, nina tiketi ya msimu mzima. Akasema, "Mzee Ostrander, mkoba." Nikamwambia mkoba ni wa mama mmoja mtu mzima na haufunguliwi na mwanamume yeyote, si mimi wala si wewe. Akasema basi niuache nje. Nikasema siuachi, nimeaminiwa. Akakuna kichwa, akasema, "Lakini sheria ni yako." Watu waliokuwa nyuma yangu walicheka. Nikasema, "Ndiyo, ni yangu, na leo naikataa." Hakunipisha. Alifanya sawa, na mimi nilifanya sawa, na nilibaki nje.

Nimeukosa mchezo. Mara ya kwanza katika miaka arobaini. Nilikaa garini kwenye maegesho, mkoba wako mapajani, kioo wazi. Nilisikia wakitaja majina. Lilipofika la Tate nilisikia mtangazaji akisita, kisha akasema, "Tate 'Mguu wa Uji' Lindqvist, na bibi yake Ardith." Nilitamani nizame chini ya usukani. Kisha nikasikia watu wakishangilia, nikachanganyikiwa kabisa.

Baadaye, kipindi cha nne, cha mwisho, jukwaa likanyamaza kama linavyonyamaza mtu akienda kupiga teke. Nikasikia buti likigonga mpira. Halafu sauti kubwa. Nimesikia sauti za uwanja ule maisha yangu yote, lakini nikiwa ndani; kwa nje sikuweza kujua ni kilio au ni furaha. Nilikaa nimeshika mkoba wa watu, nikajua ulivyokaa wewe siku ile.

Mlitoka mkiwa wengi, mkapewa usafiri na kocha, nikakukabidhi mkoba wako mbele ya watu, nikaona haya kuuliza. Sitaki kuambiwa na mtandao. Niambie wewe. Lilipita?

Mkoba sikuufungua.

Verlyn


Chumba cha 14
29 Oktoba

Verlyn,

Mkoba najua hukuufungua. Fundo la dada yangu halifungiki tena vilevile likishafunguliwa.

Jina lile, Tate mwenyewe ndiye aliyemwandikia mtangazaji kwenye karatasi ya wahitimu. Hakuniambia. Tulipokuwa tumesimama kwenye mstari akaniinamia, akasema, "Bibi, usishtuke." Likatajwa, nikashtuka, halafu nikaona vijana wenzake kule jukwaani, walewale wa bakuli la uji, wamesimama wote wanapiga makofi. Tate akanipa ua, akatembea kifua mbele. Basi usilifute. Lilikuwa lako, sasa ni lake. Tusi mtu akilichukua mwenyewe akalivaa, hakuna wa kumtukania tena. Ila hilo la basi liko palepale, na hilo bado nalidai.

Tulifungwa ishirini na saba kwa tatu. Tulipigwa kweli. Pointi zote tatu za Pruitt ni za teke moja la mguu wa uji. Alisimama mbali zaidi ya siku ile ya Colburn, akatazama safu ya juu, akaniona, akateremsha macho kwenye mpira, na hakuyainua tena mpaka ulipoondoka. Ulipita katikati, juu kabisa.

Nakwambia wewe peke yako, na nakukataza kuliandika. Hukuliona.

Ardith


Barabara ya Nafaka
31 Oktoba

Bibi Ardith,

Ukurasa wangu leo una habari za mvua. Watu wameniuliza juu ya teke la Ijumaa, nikawajibu sikuliona, sina maoni. Wengine wanafikiri naumwa.

Juu ya basi la kaunti maoni ninayo, lakini haya nitayasema kwa mdomo. Wajumbe wanakutana Jumatatu saa moja jioni. Wakikaa, nitasimama niwaambie kwamba maneno waliyoyasoma ni yangu, na nimekuja kuyachukua. Wakinipa dakika mbili nitatumia kumi. Wakinitoa, utaendelea wewe.

Nitakuwa mlangoni kwenu saa kumi na mbili. Safari hii panda, mama. Na ulete mkoba.

Verlyn